Zaburi ya 56: mtu anaweza kuogopa na kumtumaini Mungu kwa wakati mmoja?

Swali: Bwana asifiwe, wapendwa. Mstari wa 3 Daudi anakiri hofu, wa 4 anasema hataogopa. Tushike upi? Na mwenye hofu usiku aiombeje zaburi hii?

Jibu: Amina, mpendwa. Yote miwili. Kichwa cha zaburi kinasema Wafilisti walimkamata Daudi mjini Gathi, na 1 Samweli 21:12 inasema alimwogopa sana mfalme Akishi. Tumaini lake halikungoja hofu iishe. Tazama: malalamiko yanaanza upya mstari wa 5, kisha kiitikio kinarudi wa 10 na 11.

Jibu: Soma mistari yote 13 kwa sauti, polepole. Baada ya wa 2 simama, utaje kinachokutisha: deni, kesi, majibu ya vipimo. Kwenye wa 8, machozi katika chupa, nyamaza kidogo. Wengi huruka malalamiko wakidhani ni upungufu wa imani, na hapo ndipo sala inapokauka, kwa sababu hofu isiyotajwa hubaki pale pale.

Jibu: Nyongeza: hofu ikikunyima usingizi majuma mawili, mwone daktari pia. Daudi alimtumaini Mungu na bado akakimbilia pango la Adulamu (1 Samweli 22:1).