Nimekabidhiwa ofisi ya uwakala wa forodha Malaba, lakini vijana wananificha makosa. Nifanyeje?

BintiMalaba:
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Mimi ni wakala wa forodha hapa Malaba, upande wa Uganda. Bosi wetu amehamia Kampala, ofisi ya huku ameniachia mimi. Nina makarani wanne na kijana mmoja wa kukimbiza makaratasi. Kazi wanaijua na heshima wanayo. Shida yangu ni moja tu: kitu kikiharibika, mimi ndiye wa mwisho kujua.

Wiki iliyopita dereva alinipigia saa tano usiku. Kontena la kahawa linaloshuka Mombasa limelala yadi tangu jana yake, kwa sababu namba ya kontena iliyo kwenye makaratasi hailingani na ile iliyo kwenye mlango wa kontena lenyewe. Penye 6 pameandikwa 9. Karani aliyeingiza aligundua siku ileile. Akahangaika kurekebisha kimyakimya, ikashindikana, akanyamaza. Mwenye mzigo anauliza nani atalipa pesa ya kulaza lori, na meli nayo haimsubiri mtu.

Nilipomwita yule karani mikono ilikuwa inamtetemeka. Akasema zamani ukikosea ulitukanwa mbele ya madereva, na mwisho wa mwezi mshahara unakatwa. Sitaki kumfukuza, ni mchapakazi. Nyinyi mlioongoza watu, mlifanya nini hadi wakawa wanawaletea habari mbaya mapema?

MzeeWaYadi, Tororo:
Binti yangu, hongera kwa cheo na pole kwa usiku huo. Nimesimamia maghala na yadi, Jinja na hapa Tororo, mpaka nikastaafu. Aliyenifundisha kazi hii ni msimamizi mmoja wa ghala pale Jinja, nikiwa bado kijana wa kuhesabu magunia.

Siku moja mwenzetu, dereva wa foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, aliangusha mzigo wa vigae. Ghala zima likanyamaza. Mzee, yule msimamizi, akaja, hakuuliza nani. Aliuliza, "Kuna aliyeumia?" Hakuna. "Vizima vimebaki vingapi?" Tukahesabu. "Mwenye mali ameambiwa?" Bado. Akaenda kwenye simu palepale, sote tukisikia, akasema: mzigo wako umeharibika mikononi mwangu, leo jioni nakuletea hesabu. Jina la dereva hakulitaja. Kesho yake alimwita ofisini, mlango ukafungwa, na humo hakubembelezwa: alishushwa kwenye mashine mpaka alipofundishwa upya na kupimwa. Lakini tangu siku ile, hata pakiti ikichanika kona, mzee alikuwa anajua kabla ya chai ya saa nne.

Kwa hiyo angalia unachofanya dakika ile ya kwanza unapoletewa habari mbaya. Vijana wanakusoma uso kabla hujafungua mdomo. Anza na mzigo, halafu mteja. Mtu aje mwisho, tena faraghani. Na akikuwahishia habari, mshukuru kwa kulitaja jambo lenyewe mbele ya wenzake: "Aliniambia asubuhi, ndiyo maana lori limetoka mchana." Ile "kazi nzuri" tupu haimfundishi mtu kitu. Mteja naye akikusifu, mpe jina la aliyeifanya kazi. Usiimeze sifa peke yako.

KaraniBusia:
Naheshimu maneno ya mzee, ila upole una mipaka. Anayelipa hasara ni mwenye ofisi. Mimi ningesamehe kosa la kidole, ila kuficha nisingesamehe.

MzeeWaYadi, Tororo:
Mwanangu, tuko pamoja kabisa kuhusu kuficha. Ila hawa walifundishwa kuficha, kusema kulikuwa na faini. Binti atangaze kwanza mbele ya wote kwamba kuanzia leo anayesema mapema hakatwi, anayeficha atajibu. Hapo hata akiwa mkali atakuwa ametenda haki.

AfisaAjiraKla:
Naongeza upande wa sheria, maana wengi wetu hatuujui. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kiholela. Na kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, lazima umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, umsikilize, na aruhusiwe kuja na mtu aliyemchagua mwenyewe. Dada, mwandikie bosi hayo kwa utulivu kabla mwisho wa mwezi haujafika. Kusimama kati ya bosi na vijana wako ni sehemu ya kazi uliyopewa.

KaraniBusia:
Na hilo la namba linazuilika. Namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7, na tarakimu ya mwisho inakokotolewa kutokana na zilizotangulia. Ukiweka 9 penye 6, mara nyingi hesabu inagoma. Sisi huku mmoja anasoma picha ya mlango kwa sauti, mwingine anafuata kwenye karatasi. Msimamizi wetu naye hukaa zamu ya kusoma kama sisi, kwa hiyo hakuna anayeona anapelelezwa.

BintiMalaba:
Asanteni sana, mmenifungua macho. Mwenye kahawa nimempigia leo nikiwa nimekaa katikati ya makarani wote, nikamwambia kosa ni la ofisi yangu na gharama tutaizungumza mimi na yeye. Alifoka, kisha akapoa, akaomba tu aambiwe mapema siku nyingine. Barua ya kwenda kwa bosi naiandika usiku huu. Kusomeana namba tunaanza Jumatatu, zamu ya kwanza nakaa mimi na yule karani. Mzee wangu, na bosi akisisitiza kukata?

MzeeWaYadi, Tororo:
Panda basi uende Kampala ukaongee naye ana kwa ana. Nenda na hesabu ya mizigo yote ambayo kijana huyo ameitoa bila tatizo.