Mtoto aliyetelekezwa akikua, ni lazima awe mkorofi?

mwalimu_kaptembwo: Hamjambo wenzangu. Gredi ya 7 tuna wavulana wanaopiga wenzao na kuiba simu. Ukifuatilia nyumbani, hakuna anayejua walilala wapi. Wazazi wengine wanataka wafukuzwe. Kutelekezwa utotoni kunahusiana kweli na haya, na mwalimu aanzie wapi?

nyalenda_saikolojia: Kunahusiana, mwalimu, ila si hukumu. Mwaka 1989 mtafiti Cathy Widom wa Marekani alilinganisha watoto 908 waliodhulumiwa au kutelekezwa na wengine 667 ambao hawakupitia hayo. Kati ya waliotelekezwa tu, bila kupigwa, asilimia 12.5 walikuja kukamatwa kwa makosa ya ukatili. Kwa wale wengine ilikuwa 7.9. Hatari inapanda, lakini wengi mno hawakufika huko. Tafadhali wazazi hao wasikie nusu zote mbili.

Mtoto anayelia asiitikiwe hujifunza kwamba mtu mzima si wa kutegemewa. Asiposemeshwa, maneno yake huchelewa, na asiye na maneno ya kusema "nimeumia" hutumia ngumi. Kusoma nyuso pia kunamtatiza: hatofautishi vizuri aliyekasirika na aliyehuzunika. Akifika miaka 12, genge linampa chakula na mtu wa kumuuliza "ulikuwa wapi?" Hilo swali ndilo alilolikosa nyumbani.

mshauri_kisumu: Anza na daftari, wiki mbili. Andika amefika saa ngapi, amekula nini, sare imefuliwa au la, nani alikuwa nyumbani jana usiku. Usimuulize "mbona unaiba?", atakudanganya. Muulize "jana ulikula na nani?"

Kisha achaguliwe mwalimu mmoja, yuleyule, dakika kumi kila siku, saa ileile. Hapa ndipo wengi huharibu: wanaanza kwa moto, wiki ya tatu wanapotea, na mtoto anathibitishiwa alichoamini tangu zamani. Afadhali uahidi kidogo utimize. Simu iliyoibwa irudishwe na kosa lilipiwe kwa kazi anayoiweza, bila kumwaibisha paredi. Viboko vilipigwa marufuku hapa Kenya na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Kumfukuza wiki mbili ni kumkabidhi kwa genge mchana kutwa.

mwalimu_kaptembwo: Asanteni sana. Mmoja mama yake hutoka saa kumi alfajiri kwenda soko la Wakulima, anarudi usiku. Huko ni kutelekeza?

mshauri_kisumu: Umaskini peke yake si kutelekeza, mwalimu. Uliza kama kuna shangazi, jirani au dada mkubwa aliyeachiwa mtoto, na kama mama anajua shida za mwanawe. Kama yupo mtu, kaa na mama mpange chakula cha mchana na nani atamwangalia jioni. Usimfikie na vitisho, atamficha mtoto.

Kama hakuna mtu kabisa, analala nje au ananusa gundi, peleka daftari lako kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, au upige 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Polisi wakihusishwa, kumbuka Sheria ya Watoto ya 2022: aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai, na aliye chini ya 14 huchukuliwa kuwa hajui kutofautisha jema na baya mpaka mahakama ithibitishiwe vinginevyo. Kwa hiyo uliza umri kwanza, na utafute cheti cha kuzaliwa mapema. Kisipokuwepo, ubishi wa umri hula miezi huku mtoto akiwa korokoroni.