Fundi AC kaniambia nyumba yangu chafu, MBELE YA MAMA MKWE!

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Ni yule fundi AC mnayemjua, anayezunguka hapa Dodoma, Kisasa, Ilazo hadi Nzuguni. Simtaji, wasimamizi watafuta uzi.

Sebule inanuka choo. Inanuka mpaka mende wamehama! Nikamwita. Kafika, kanusa mara moja, kamgeukia mama mkwe: "Bibi, AC ni nzima. Hapa shida ni usafi."

Usafi! Mama mkwe katoka Kondoa na kuku wa zawadi, hajamaliza hata chai, anaambiwa mkamwana wake mchafu!

Na bomba la maji ya AC kalichomeka yeye mwenyewe kwenye bomba la maji taka. Ile kona ya bomba iliyopinda kama U lazima ibaki na maji yanayodondoka kwenye AC, ndiyo yanazuia hewa ya shimo la maji taka isipande. Dodoma mvua ikishakata, ni ukame hadi karibu Desemba. Juni na Julai baridi, nani anawasha AC? Hata ukiwasha, hewa kavu hivi itadondosha maji gani? Kona imekauka, shimo linapumulia sebuleni kwangu. Halafu usafi! Mbele ya mama mkwe!

Chungu_cha_Ilazo: Pole dada. Bibi alisemaje?

Mleta uzi: Hakusema kitu. Aliinuka akaenda kukagua choo!!

Chungu_cha_Ilazo: 😂😂😂 Umekwisha.

Bomba_Makole: Mimina maji kwenye hiyo kona, juu yake mafuta ya kula kidogo yasikauke upesi. Kisha bomba likatwe, lidondoshe nje bustanini, lisiunganike kabisa na maji taka. Na chujio la sakafuni kwenye choo cha wageni nalo limwagie maji, hukauka vilevile.

Alizeti_Safi: Mafuta ya Singida tumwage kwenye bomba? Tuogopeni Mungu.

Mzee_wa_Area_D: AC Dodoma ya nini? Fungua dirisha.

Nzuguni_Kwetu: Dirisha liingize vumbi? Afadhali yenu. Jirani yangu anafuga nguruwe, upepo wa jioni ukigeuka tunakula ugali tumeziba pua. Nikilalamika ananiambia nihame!

Mleta uzi: Jamani mada ni fundi! Kanidhalilisha mbele ya MAMA MKWE!

Mpangaji_Mpole: Ahame vipi wakati wenye nyumba wanataka kodi ya miezi sita kwa mpigo? Hao ndio wa kufunguliwa uzi.

Mzee_wa_Area_D: @Nzuguni_Kwetu hapo kwa jirani kitimoto kilo shilingi ngapi?