Matumizi ya ofisi ya ununuzi ya CBP: kwa nini jumla hazilingani?

Hesabu_Wazi:
Wakuu, habari za kazi. Nachambua mikataba ya CBP, mamlaka ya forodha na ulinzi wa mipaka ya Marekani iliyo chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Siihitaji CBP nzima, nahitaji ofisi moja tu ya ununuzi, ile inayoshughulikia vifaa na huduma za ulinzi wa mpaka. Nimekwama pahala patatu. USAspending.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya takwimu za matumizi, inanichujia hadi ngazi ya CBP, lakini chini ya hapo sioni pa kuchagua ofisi. Nikijumlisha thamani za mikataba, napata kiasi kinachoipita mbali jumla ya CBP kwa mwaka huohuo. Kisha kuna mistari yenye namba hasi, na sehemu kubwa ya ujenzi wa ukuta wa mpaka wa Meksiko wa 2019 na 2020 siioni kabisa. Nianzie wapi?

Zabuni_Kwa_Kina:
Karibu mkuu. Naanza na ofisi.

Kwenye tovuti kweli hutaipata, kwa sababu kichujio cha taasisi kinaishia CBP. Ofisi imeandikwa ndani ya data yenyewe. Chuja CBP kama taasisi iliyotoa mkataba, chagua mwaka mmoja wa fedha (1 Oktoba hadi 30 Septemba, kwa hiyo mwaka wa fedha 2024 ulianza Oktoba 2023), halafu pakua faili la CSV (jedwali linalofunguka kwenye Excel) la miamala, lenye mstari mmoja kwa kila mkataba mpya au marekebisho. Usipakue la muhtasari wa mikataba. Ndani yake tafuta safu mbili, awarding_office_code na awarding_office_name. Chuja kwa msimbo (code), kwa sababu majina ya ofisi hufupishwa na hubadilika miaka ikipita.

Pia jifunze kuisoma namba ya mkataba, itakuokolea muda mwingi. Chukua namba ya kubuni yenye umbo hili: 70B02C24F00000123. Herufi sita za kwanza ni msimbo wa ofisi iliyotoa mkataba. 70 ni wizara na CBP huanza na 70B0. Tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka wa fedha. Herufi ya tisa ndiyo inayokwambia umeshika kitu gani: C ni mkataba unaojitegemea, D ni mkataba mama usiotaja kiasi kamili, F ni oda iliyotolewa chini ya mkataba mama, P ni oda ya ununuzi mdogo, A ni makubaliano ya ununuzi wa mara kwa mara. Mikataba ya zamani ya CBP huanza na HSBP na haifuati mpangilio huu wa ofisi, kwa hiyo ukichuja kwa 70B0 peke yake utaiacha nje mikataba mirefu iliyokuwa bado inalipwa.

Halafu kuna mtego wa mkataba mama wa taasisi nyingine. Ofisi ya CBP inaweza kununua kompyuta kupitia SEWP, mkataba wa kompyuta wa NASA unaotumiwa na taasisi nyingine pia, au kupitia orodha za GSA, mamlaka ya manunuzi ya pamoja ya serikali. Namba ya oda itakuwa ya CBP, ila safu ya parent_award_id_piid itaanza na NNG au 47Q. Huo ni ununuzi wa CBP, uhesabu.

Mizania:
Kuhusu jumla: bila shaka umejumlisha safu isiyo yake. Kila mkataba unabeba namba nne ambazo watu huziita zote "thamani", na hapo ndipo hata magazeti hujikwaa.

Safu ya potential_total_value_of_award ni ukomo, yaani kiasi ambacho mkataba ungefikia kama kila mwaka wa hiari (mwaka wa nyongeza ambao serikali inaweza kuuchukua au kuuacha) ungetumika. Ya current_total_value_of_award ni kile kilichokubaliwa hadi sasa pamoja na miaka ya hiari iliyokwisha kuchukuliwa. Ya federal_action_obligation ni ahadi ya malipo ya muamala huo mmoja, fedha ambazo serikali imejifunga nazo kisheria siku hiyo. Ya nne ni malipo halisi yaliyotoka hazina, ambayo kwa mikataba ya zamani hayajakamilika kwenye tovuti. Matumizi ya ofisi kwa mwaka ni jumla ya federal_action_obligation basi. Zile mbili za kwanza hujirudia kwenye kila mstari wa marekebisho, kwa hiyo mkataba wenye marekebisho 12 umeuhesabu mara 13.

Tofauti hii si ya kitaalamu tu. Novemba 2017 CBP iliipa Accenture Federal Services mkataba wa kusaidia kuajiri watumishi 7,500, ukiwa na ukomo wa dola milioni 297. Mkaguzi mkuu wa wizara alipoandika ripoti yake Desemba 2018, zilikuwa zimelipwa takriban dola milioni 13.6, na waombaji waliokuwa wamekubali ajira ni wawili. Anayesema "CBP ilitumia milioni 297" anakosea kwa kiasi kikubwa mno, na bado anaipita kashfa yenyewe bila kuiona: fedha nyingi zilikwenda kwenye maandalizi kabla hata ya watu kupatikana.

Mikataba mama nayo ina ugumu wake. SBInet, mradi wa minara na kamera ambao Boeing iliupata Septemba 2006, uliendeshwa kwa oda chini ya mkataba mama mmoja. Oda ya Project 28 kule Arizona ilikuwa ya takriban dola milioni 20 kwa maili 28. Mradi ulipofutwa Januari 2011, oda zote pamoja zilikuwa zimekaribia dola bilioni 1 kwa maili 53. Kwenye mradi kama huu ukomo umeandikwa kwenye mkataba mama, fedha ziko kwenye oda. Ukijumlisha ukomo na oda pamoja, umehesabu kitu kilekile mara mbili.

Namba hasi usizifute! Ni ahadi iliyorudishwa: kazi imekwisha kwa gharama ndogo, au mkataba umevunjwa. Angalia action_type_code kwenye mstari huo. F ni kuvunjwa kwa manufaa ya serikali, E ni kuvunjwa kwa kosa la mkandarasi, K ni kufunga faili. G ni kuchukua mwaka wa hiari, C ni kuongeza fedha tu bila kubadili kazi. Ukifanya pivoti (jedwali la muhtasari) ya namba ya mkataba dhidi ya misimbo hii, historia ya mkataba unaisoma kwa dakika chache. Mwezi wa Septemba utakuta miamala imejazana, kwa sababu fedha nyingi za uendeshaji ni za mwaka mmoja na zisipofungwa kwenye mkataba kufikia tarehe 30 haziwezi kutumika kwa ahadi mpya. Fedha za mitambo na ujenzi hudumu miaka kadhaa, kwa hiyo ununuzi wa minara ukionekana umekimbizwa Septemba, tafuta sababu nyingine.

Zabuni_Kwa_Kina:
Naongezea kuhusu ukuta. Sehemu kubwa ya mikataba ya kipindi hicho ilitolewa na kikosi cha wahandisi wa jeshi, US Army Corps of Engineers, ama kwa fedha za CBP ama kwa fedha za Wizara ya Ulinzi. Namba zake huanza na W912. Ukichuja taasisi iliyotoa mkataba huioni. Chuja taasisi inayogharamia, uweke Usalama wa Ndani. Ile ya fedha za ulinzi itabidi uitafute peke yake kwa jeshi na kwa maelezo ya kazi. Kumbuka pia kwamba data ya Wizara ya Ulinzi hucheleweshwa siku 90 kabla ya kuwekwa hadharani, wakati taasisi za kiraia hutakiwa kuripoti ndani ya siku 3 za kazi. Usilinganishe CBP na jeshi kwa robo ya mwaka iliyopita.

Kwa fedha za sasa usitumie kichujio kimoja. Sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 ilitenga dola bilioni 46.5 kwa vizuizi vya mpakani, ila kutengwa na bunge si kuingia mkataba. Fedha huonekana kwenye faili lako siku ofisi inaposaini tu.

Angalia vilevile safu za extent_competed (kiwango cha ushindani) na number_of_offers_received (idadi ya zabuni zilizopokelewa). Mkataba unaweza kuandikwa kuwa ulishindaniwa huku mzabuni akiwa mmoja. Na Februari 2020 wizara ilisimamisha sheria 10 za manunuzi ili kuharakisha maili 177 za ukuta, kwa hiyo kukosekana kwa ushindani kwenye mikataba hiyo kuna msingi wa kisheria, na ukiandika kwamba sheria ilikiukwa utapigwa chini mara moja.

Hesabu_Wazi:
Nashukuru sana, imenyooka. Je, makandarasi wadogo na manunuzi ya kadi vinaonekana?

Mizania:
Makandarasi wadogo wako kwenye faili tofauti, na anayeripoti ni mkandarasi mkuu mwenyewe, kuanzia dola 30,000 hadi Septemba 2025, na 40,000 tangu 1 Oktoba 2025. Mapengo ni mengi, na mara nyingine kiasi cha mkandarasi mdogo huzidi cha mkataba wenyewe kwa kosa la kuingiza sifuri ya ziada. Faili hilo litumie kujua nani yumo kwenye kazi, usilijumlishe kamwe na ahadi za malipo, maana ni fedha zilezile.

Manunuzi ya kadi yaliyo chini ya kiwango cha ununuzi mdogo kabisa hayaripotiwi moja moja. Kiwango hicho kilikuwa dola 10,000, na tangu 1 Oktoba 2025 ni 15,000, kwa hiyo idadi ya oda ndogo ikishuka baada ya tarehe hiyo usidhani ofisi imebana matumizi.

Ukihitaji kuona kilichonunuliwa hasa, maelezo ya kwenye CSV hayatoshi; mengi ni mstari mmoja wa vifupisho. Omba nakala ya mkataba kwa sheria ya uhuru wa habari. Taja namba kamili ya mkataba na namba za marekebisho, mfano P00001 hadi P00006, na uombe maelezo ya kazi kando na jedwali la bei. Bei za vipande huwekwa wino mweusi mara nyingi kama siri ya biashara, na ukiviomba pamoja, maelezo ya kazi yanasubiri hadi mkandarasi aulizwe kuhusu bei.