Chanson ikiimbwa kijazi, ni halali kubadilisha maneno?

Wadau, kuna jambo limenikaa rohoni tangu nirudie kuisikiliza albamu ya Dee Dee Bridgewater ya mwaka 2005, J'ai deux amours. Kwa wasiomjua, huyu mama ni Mmarekani, mzaliwa wa Memphis, gwiji wa jazi aliyeishi Ufaransa miaka mingi. Humo anaimba nyimbo za zamani za Kifaransa, zile wenyewe wanaziita chanson. Jina la albamu ni la wimbo alioutoa Josephine Baker mwaka 1930, naye Mmarekani mweusi aliyehamia Paris.

Anaimba Kifaransa, mara Kiingereza kinaingia. Hapo ndipo mimi na rafiki yangu tulipotofautiana. Yeye anasema chanson haina mwenyewe: Joseph Kosma, aliyetunga muziki wa chanson maarufu Les feuilles mortes, alizaliwa Budapest, Yves Montand aliyeuimba kazaliwa Italia, na mtunzi na mwimbaji Jacques Brel ni Mbelgiji. Kwa hiyo kila mtu aimbe kwa lugha yake.

Ni kweli, lakini hao wote waliingia ndani ya Kifaransa. Hawakuubadilisha wimbo ukabaki na jina tu.

Mahadhi yavunjwe, sina ugomvi. Avute sauti, akatishe, akodiani ijibizane na ngoma, hiyo ndiyo jazi yenyewe. Mwaka 1958 wapiga jazi wa Marekani Cannonball Adderley na Miles Davis waliupiga huo huo Les feuilles mortes bila neno hata moja, na unasisimua mpaka leo. Ila ukishafungua kinywa, umeingia kwenye shairi.

Chukueni La mer ya Charles Trenet. Ni wimbo wa bahari tu. Matete yaliyolowa kando ya mabwawa, ndege weupe, nyumba zenye kutu, na mwishoni bahari inaubembeleza moyo wa mtu maisha yake yote. Hakuna mpenzi anayesubiri popote. Kwa Kiingereza ukawa Beyond the Sea, na ghafla kuna mpenzi amesimama mchangani ng'ambo ya maji! Hiyo si tafsiri. Ni wimbo mwingine uliovaa nguo za mwenzake.

Ne me quitte pas ya Brel, ya mwaka 1959, ndiyo inaniuma zaidi. Mwanamume anasihi, usiniache. Anaahidi lulu za mvua kutoka nchi zisizonyesha, mpaka mwisho anaomba awe hata kivuli cha mbwa wa huyo mwanamke. Toleo la Kiingereza, If You Go Away, linaanza na "ukiondoka". Kilio kimegeuzwa sharti. Mwimbaji wa Marekani Nina Simone aliuimba kwa Kifaransa mwaka 1965, lafudhi si ya Paris, na bado unamsikia mtu aliyepiga magoti.

Rafiki yangu anajibu kwamba bila Kiingereza nyimbo hizi zisingefika mbali. Nakubali, hilo lina uzito. Lakini Malaika yetu ilizunguka dunia na Miriam Makeba, kisha Boney M na Angélique Kidjo, kwa Kiswahili. Matamshi tuliyasamehe, maana maneno yalibaki.

Bridgewater nampenda, na sauti yake kwa Kifaransa inatosha kabisa. Kwa nini basi aongeze Kiingereza? Hasa nyinyi mlioko Kongo, Burundi na Ufaransa mnaozisikia lugha zote mbili: mnasikia wimbo mmoja, au miwili?