MALALAMIKO: Mnaoweka mtandaoni njia za baiskeli za Lushoto kwa kilomita tupu, mnaumiza watu

Wakuu,

Nimeufungua uzi huu kwa hasira na siombi radhi. Kuna mtindo umeota mizizi hapa jukwaani: mtu anakaa mezani, anavuta mstari kwenye ramani kutoka Mombo hadi Mtae, milima ya Usambara, anaandika "siku mbili, ugumu wa wastani", anaweka picha ya maporomoko ya Soni, basi. Wageni na vijana wanapakua hilo faili, wanafunga mizigo na kuondoka. Wanachokikuta huko hakikuandikwa popote.

Chukueni Mombo–Lushoto, kwa kuwa ndiyo lango la Usambara Magharibi. Kilomita 33 za lami. Mombo iko mita 400 na kitu juu ya usawa wa bahari, Lushoto 1,400 hivi. Mwenye haraka anagawanya, anapata mwinuko wa asilimia 3, anaandika "mlima mpole". Huo wastani hauna faida kwa mwendesha baiskeli. Sehemu kubwa ya kupanda inamalizwa kabla ya mji mdogo wa Soni, barabara imebanwa kati ya ukuta wa mawe na korongo la mto, kona juu ya kona, hakuna bega la barabara, na malori ya kabichi na viazi yanashuka upande wa pili. Msimu wa masika mawe na udongo huporomoka kutoka juu na njia inaweza kuzibwa. Hakuna hata neno moja la hayo kwenye maelezo yenu. Na Mombo ni joto. Anayeanza saa 4 asubuhi anapanda na jua la utosini, wakati angeanza saa 12 alfajiri angekaribia Soni kabla mawe hayajapata moto.

Baada ya Lushoto mnazidi kuharibu. Kwenye njia ya Magamba, Lukozi hadi Mtae, ukitazama urefu wa mwanzo na wa mwisho tu, tofauti ni ndogo. Lakini njia ya milima na mabonde haihesabiwi hivyo. Unapanda Magamba, unashuka bondeni, unavuka kijito, unapanda tena upande wa pili, na hivyo hivyo hadi mwisho. Kinachochosha miguu ni jumla ya mita zote za kupanda, hata zile ulizozishuka ukazirudia. Jumla hiyo ndiyo namba ya kwanza ninayoitaka kwenye kila njia, kabla ya kilomita.

Na mnaoiandika, mnaikosea. Programu nyingi hazipimi urefu wa barabara yenyewe, zinasoma urefu kutoka kwenye ramani ya satelaiti yenye vipimo kila mita 30 au hata 90. Barabara iliyochongwa ubavuni mwa mlima ina upana wa mita chache. Mstari wako ukisogea mita 20 pembeni kwenye mteremko wa nyuzi 40, kimo kinaruka mita 17, juu au chini. Zidisha kwa kona zote za Usambara: unapata milima isiyokuwepo, au programu inalainisha mstari na kufuta milima iliyopo. Halafu mnaweka nukta kila mita 300 au 500, kwa hiyo mstari unakata kona za nyoka moja kwa moja. Kilomita zinapungua na mlima unaonekana ukuta. Wekeni nukta kila mita 20 hadi 30 penye kona, pimeni mwinuko kwa vipande vya mita 200 au 300, kisha mtaje kipande kikali kuliko vyote na urefu wake. "Asilimia 11 kwa mita 600" ni taarifa. "Kuna mlima kidogo" si kitu.

Kwa nini nashikilia mwinuko? Kwa sababu ndio unaoamua gia, na gia ndiyo inayoamua kama mtu atafika. Fanyeni hesabu hii: mtu kilo 70, baiskeli 14, mizigo 16, jumla 100. Mlima wa asilimia 8 kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa unadai wati 130 za kupanda tu, ukiongeza ukinzani wa tairi kwenye barabara ya vumbi unafika 150 hivi. Mtu wa kawaida mwenye mazoezi anaweza. Sasa mpe baiskeli ya kukodi ya tairi za inchi 26, gia za mbele zimekufa, cheni imekwama kwenye sproketi (gurudumu la meno) ya kati ya meno 34, na kubwa ya nyuma inaishia meno 28. Kwa mwendo ule ule anazungusha pedeli mara 40 kwa dakika. Hapo anasukuma kwa magoti, na magoti yanaanza kuuma kabla ya mapafu kuchoka. Mpe 22 mbele na 34 nyuma: anazungusha mara 75 hivi, amekaa, anapumua. Nguvu ni ile ile, mlima ni ule ule. Kwa hiyo nyie mnaokodisha, acheni kusema "gia 21 zipo zote". Gia 21 ambazo 14 hazifanyi kazi ni gia 7. Mteja, kabla hujalipa, inua gurudumu la nyuma, zungusha pedeli na upitishe cheni kwenye sproketi zote za mbele na za nyuma. Ndogo ya mbele isipokubali, rudisha hiyo baiskeli.

Kushuka ndiko kunakoniogopesha zaidi, na ndiko mnakokuita "zawadi". Kilo 100 zikishuka mita 950, nishati inayotoka inatosha kuchemsha lita karibu tatu za maji. Ukishuka taratibu huku umekamata breki muda wote, karibu joto lote hilo linaingia kwenye breki. Kama ni breki za rimu, zile za mpira unaobana ukingo wa gurudumu, rimu inapata moto, upepo ndani ya tairi unapanda presha, na tyubu inaweza kupasuka ukiwa kwenye kona. Namna ya kushuka ni kubana kwa nguvu kabla ya kona, breki zote mbili, kisha kuachia kabisa upepo upoze. Simama kila baada ya kilomita chache na usiguse rimu wala diski kwa kidole. Mpira wa breki ukibaki milimita 3, usianze safari. Kwenye diski, kinachosagika kikibaki milimita 1, badilisha. Beba jozi mbili za akiba, kwa sababu mchanga uliolowa unasaga mpira kama msasa. Kisha kagua waya pale unapoingia kwenye mkono wa breki: ukiona hata uzi mmoja umekatika na kusimama kama sindano, waya huo haushuki Soni.

Kuna kipande cha Mtae kushuka Mnazi ambacho kwenye simu kinaonekana kama njia fupi ya kutokea tambarare upande wa Mkomazi. Ni takriban mita 1,000 za kushuka kwa umbali mdogo sana. Mwenye mizigo na breki za rimu ashuke kwa miguu sehemu kali. Anayekiweka kwenye njia ya "familia" anacheza na maisha ya watu.

Tairi nalo. Maduka ya vijijini yana tairi za inchi 28 za baiskeli za kawaida, na mnaandika "vipuri vinapatikana". Ile 28 inakaa kwenye rimu ya milimita 635. Baiskeli za saizi ya 700C na za inchi 29 zinatumia 622. Tofauti ya milimita 13 haifichiki, tairi halikai. Unachopata kwa urahisi ni 26 ya upana wa 1.95 hadi 2.125. Mwenye 700C abebe tairi moja la kukunja, tyubu mbili, viraka na solusheni. Valvu nyembamba haiingii kwenye pampu ya bodaboda bila adapta, na adapta yenyewe ni ndogo kuliko ukucha, mnashindwa nini kuitaja?

Udongo mwekundu wa kule ukinyeshewa unanata kati ya tairi na uma hadi gurudumu halizunguki. Ukilazimisha pedeli, kile kishikizo kidogo kinachoshika kihamisha gia cha nyuma kinakatika, na kila fremu ina chake, fundi hana. Shuka, kwangua kwa kijiti, sukuma. Ndiyo maana njia isiyo na tarehe haina thamani: kipande hicho hicho mwezi Septemba ni saa moja, mwezi Aprili ni nusu siku.

Maji: mmeandika "vijito vingi". Vijito vya mabondeni vinapita katikati ya mashamba ya nyanya na kabichi yanayopigwa dawa. Kuchemsha kunaua vijidudu, dawa inabaki. Chota kwenye chemchemi iliyo juu ya mashamba au nunua dukani.

Muda pia mnaubuni. Hesabu ya kuanzia kwenye lami ukiwa na mizigo: saa moja kwa kila kilomita 20, jumlisha saa moja kwa kila mita 500 za kupanda. Mombo–Lushoto inakuja zaidi kidogo ya saa tatu na nusu. Kwenye vumbi tumia kilomita 12 na mita 350. Ukivuka saa 8 kwa siku, kata njia vipande viwili, maana bondeni jua linapotea nyuma ya mlima mapema.

Ninachodai kwa mods, wasimamizi wa jukwaa: njia yoyote ya milimani isiyo na jumla ya mita za kupanda, kipande kikali kuliko vyote, aina ya barabara kipande kwa kipande, na tarehe ambayo mtu aliipita kwa baiskeli, ishushwe mpaka mwenyewe airekebishe. Iliyochorwa mezani iandikwe wazi juu kabisa "haijapitwa".

Na aliyepita Soni–Bumbuli–Dindira hadi Korogwe baada ya mvua za karibuni, aweke hapa hali ya vivuko na wapi lami inakatika. Namba na tarehe tafadhali, picha baadaye.