Trekta linanyanyua pua na kusimama mita 63, tatizo ni injini?

Mgeni_Uwanjani:
Wakuu salaam. Nimeingiza trekta kwa mara ya kwanza kwenye mashindano ya kuvuta tela la uzito uwanja wa maonyesho, kundi la trekta za shambani zisizochokonolewa injini. Njia ni mita 100. Nimeondoka vizuri, moshi mweusi juu, watu wanapiga makelele. Kwenye mita 40 hivi pua ikaanza kupanda, usukani ukawa mwepesi kama wa baiskeli, nikatoka kwenye mstari, nikaachia mafuta. Bendera nyekundu, mita 63. Jamaa mwenye trekta dogo kuliko langu akafika 88! Fundi anataka tufunge tabo kubwa zaidi, ile inayosukuma hewa kwenye injini. Kwenye mizani nilibakiwa na nafasi ya kilo 180 kufika kikomo cha uzito cha kundi, sikuitumia, na upepo wa tairi za nyuma niliuacha ule ule wa barabarani.

Mshika_Bendera:
Mkuu, mwambie fundi aweke spana chini. Umeshajijibu kwenye sentensi yako ya mwisho.

Kule nyuma ya tela kuna sanduku la uzito. Mwanzoni limekaa juu ya magurudumu ya tela, ndiyo maana unaondoka kwa raha. Kadiri unavyovuta, linatambaa kuja mbele na kukandamiza bamba la chuma linalokwaruza udongo. Zamani Marekani, kabla ya sanduku hilo, watu walipangwa kando ya njia na kurukia tela mmoja mmoja linapopita. Mzigo unaongezeka njiani, basi, na mnyororo unaovutwa nyuma unazidi kulipindua trekta lako kisogo. Ukifunga tabo kubwa unaongeza nguvu ya kulipindua. Pua itapanda ukiwa mita ya 30 ya njia badala ya 40. Halafu kundi lako lenyewe ni la injini zisizochokonolewa, wakaguzi watakuacha kweli?

Mimi nasimama kando ya njia, macho yangu yako kwenye tairi za mbele. Anayefika mbali, zake zinaramba udongo tu: zinagusa, zinaachia, zinagusa. Zako nina hakika mtu angepitisha mguu chini yake. Hapo huna usukani, na uzito uliohamia nyuma umepita kiasi.

Funga hizo kilo 180 mbele kabisa, kwenye fremu ya vyuma vya uzito, mbali na ekseli uwezavyo. Kimo cha ndoano ya kufungia mnyororo usikiguse bado. Makundi mengi ya shambani yana kikomo cha inchi 20 kutoka ardhini. Ukikipandisha kabla ya kutuliza pua utarudi hapa na kilio kile kile.

Dereva_wa_Pikapu:
Naongezea upepo. Punguza, tairi ikanyage kwa upana, lakini usipunguze mpaka mashavu yakunjane maana itazunguka kwenye rimu. Na sisi wa pikapu zinazovuta kwa magurudumu yote manne, pua ikipanda tu umepoteza nusu ya miguu. Wewe angalau mguu wako mkubwa uko nyuma.

Mshika_Bendera:
Kweli kabisa. Ila abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja: vyuma kwanza, upepo baadaye, vinginevyo hatajua kipi kimemsaidia. Na mnyororo ukaze taratibu kabla ya kukanyaga mafuta. Ukiondoka ukiwa umelegea, unajing'oa kwa mshtuko, tairi zinachimba shimo, mchezo umekwisha hapo hapo.

Waya wa kuzima injini nyuma umeufunga? Trekta likichomoka kwenye tela lazima waya huo ujivute wenyewe na kuzima injini.

Mgeni_Uwanjani:
Waya upo, mkaguzi alinikagua mara mbili. Vyuma naazima kwa yule jamaa wa 88, amecheka sana lakini amekubali. Fundi amenuna.

Dereva_wa_Pikapu:
Mwache anune. Mwambie akupimie upepo.